Deni la Ilomba na Mnunuzi wa Asilimia Thelathini

Barua za mwezi huu nimezisomea jikoni, miguu karibu na jiko la mkaa, maana Julai ya Mbeya haina huruma na mifupa ya mstaafu. Zimekuja nyingi. Za kuuliza riba za simu nimeziweka kando hadi mwezi ujao. Nimechukua tatu zinazozunguka jambo moja: mkopo wa rehani ya nyumba ukishalala, ukaitwa mkopo chechefu, unauzwa bei gani? Kwa msomaji mgeni: nilikuwa ofisa mikopo miaka 27, Mbeya, Tukuyu na Njombe, na mingi kati ya hiyo nilikuwa upande wa kufuatilia marejesho. Kazi hiyo haikunipa marafiki wengi, ila ilinifundisha kuangalia paa la nyumba kabla ya kusalimia mwenye nyumba.

*Shikamoo mama. Mimi na wenzangu wawili tuna kampuni ndogo ya mikopo hapa Mwanjelwa, leseni yetu ni ya daraja la pili. Tuna mikopo minne yenye rehani ya nyumba, haijalipwa ipasavyo kwa zaidi ya miezi minane. Ukijumlisha mtaji, riba na tozo, vitabuni inasoma milioni 110. Amejitokeza mnunuzi kutoka Dar, anaitaka yote kwa asilimia 30, yaani milioni 33, na analipa kwa mkupuo. Mwenzangu mmoja anasema tuchukue haraka kabla hajabadili mawazo. Mwingine anasema tunaibiwa mchana. Bei ya haki ni ipi?*
Mkopeshaji, Mwanjelwa

Marahaba mwanangu. Nakushukuru pia kwa nakala za mafaili ulizotuma, ingawa nitakugombeza kidogo juu yake huko mbele.

Wenzako wanabishana kuhusu asilimia 30. Ya nini? Ya namba iliyoandikwa kwenye daftari lenu. Namba hiyo imeumuka kama unga wa maandazi: mtaji ulikuwa kiasi fulani, riba ikapanda juu yake, tozo ya kuchelewa ikapanda juu ya riba, na hakuna hata shilingi moja ya tozo hizo iliyowahi kuingia kwenye droo yenu. Mnunuzi anayejua kazi yake haiangalii. Anajiuliza mambo matatu tu: nitapata kiasi gani mkononi, nitakipata lini, na nitatumia kiasi gani kukifuata. Na ninyi jiulizeni hayo hayo, kwa kila faili peke yake. Bei ya jumla ndiyo inayowaficha.

Nianze na deni lenu kubwa, lile la Ilomba. Mlimkopesha milioni 38, sasa daftari linasema 61. Nyumba ina hati, mke amesaini, na mthamini ameipa thamani ya soko ya milioni 60. Nzuri. Lakini nyumba ya mnada haiuzwi kwa thamani ya soko. Watu wanaokuja na fedha mkononi ni wachache, wengine wanaogopa laana ya kununua nyumba ya mtu aliyeshindwa, na mwenyewe huwa amesimama mlangoni na watoto. Tuseme itauzwa milioni 48.

Kwa nini 48, si 35? Kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 133, inamtaka mwenye rehani atafute bei bora inayopatikana. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaanza kwa kudhani kwamba umevunja wajibu huo, na wewe ndiye utakayehangaika kuonyesha vinginevyo. Kwa hiyo mnunuzi akikuambia "mimi nahesabu nyumba kwa nusu bei", mkumbushe kwamba kwa nusu bei atakuwa amejinunulia kesi. Angalia lakini: ulinzi huo ni wa bei ya nyumba mnadani. Deni lenyewe mnaweza kuliuza kwa bei yoyote mnayokubaliana.

Toa gharama: dalali, tangazo, wakili, malimbikizo ya pango la ardhi, mlinzi wa kulala pale asije mtu akang'oa milango. Kwa faili hili nimeweka milioni 6 na nusu. Inabaki 41 na nusu. Hiyo ndiyo fedha ya nyumba, na bado haijaja.

Itakuja lini? Hapa ndipo watu wengi hufumba macho. Notisi ya kumtaka mkopaji arekebishe kosa lake ni siku 60. Mnada wa ardhi unataka tangazo la siku zisizopungua 14. Ukisikia hivyo unadhani ni miezi mitatu. Katika miaka yangu yote, mnada ulioenda bila mtu kukimbilia mahakamani kuomba zuio naweza kuuhesabu kwa vidole, na vingebaki vya kushikia kikombe. Nimeweka njia nne kwa deni hili. Ya kwanza, mnada unapita na fedha inaingia baada ya mwaka mmoja: uwezekano wa 40 kwa 100. Ya pili, zuio linawekwa, miaka mitatu inapita, wakili anakula milioni 4 nyingine, inabaki 37 na nusu: 30 kwa 100. Ya tatu, mkopaji anaita ndugu, wanauza shamba la Igurusi, wanalipa milioni 30 ndani ya miezi sita na mnafunga faili: 20 kwa 100. Ya nne, kuna kitu kimejificha kwenye karatasi na hampati kitu: 10 kwa 100. Namba hizi za uwezekano ni zangu, nimezitoa kwenye faili na kwenye mvi. Ninyi mnaomjua mkopaji wekeni zenu.

Sasa irudishe fedha ya kesho iwe ya leo. Mnunuzi wa Dar anataka fedha yake imzalie, tuseme, asilimia 30 kwa mwaka, maana hii ni biashara ya kichefuchefu na hawezi kuifanya kwa faida ya akaunti ya akiba. Milioni 41.5 ya mwaka mmoja mbele unaigawa kwa 1.3 (maana kila shilingi moja ya leo anataka iwe 1.3 mwakani), unapata 31.9. Milioni 37.5 ya miaka mitatu unaigawa kwa 1.3 mara tatu, inabaki 17.1. Umeona? Nyumba ni ile ile, karibu fedha ile ile, lakini miaka miwili ya mahakama imekula zaidi ya milioni 14. Milioni 30 ya miezi sita inakuwa 26.3. Kila moja izidishe kwa uwezekano wake, jumlisha: 12.8 na 5.1 na 5.3. Milioni 23 na ushee.

Hiyo ndiyo bei ambayo mnunuzi mwenye akili anaweza kulipa kwa deni la Ilomba na bado akalala usingizi. Kwa asilimia 30 yake angewapa 18.3. Kwa hiyo hapo anawapunja karibu milioni 5.

Lakini usikimbilie kufurahi. Piga hesabu hiyo hiyo mkibaki na deni wenyewe. Fedha yenu mnaikopa kwa wanahisa kwa gharama ya asilimia 20, kama ulivyoandika. Ukitumia 20 badala ya 30, jumla inafika 25.8. Toa mshahara wa yule kijana wenu wa kufuatilia, mafuta ya bodaboda na vocha, laki moja kwa mwezi kwa miaka miwili, yaani milioni 2.4. Inabaki 23.4. Karibu sawa na bei ya mnunuzi! Maana yake, kwa 23 kuuza au kutouza ni sawasawa kwenu, na kinachoamua ni kama mna uvumilivu na kama mna matumizi bora ya fedha hiyo leo. Anzeni na 27, msishuke chini ya 22.

Faili la pili ni la Uyole, na hapa ndipo naona mnunuzi anacheka pembeni. Deni milioni 9, nyumba ya milioni 35. Wengine wangesema nyumba ni mara nne ya deni, basi deni ni dhahabu. Hapana. Anayenunua deni la milioni 9 hawezi kupata zaidi ya milioni 9 na gharama zake, hata nyumba iwe ya ghorofa. Kinachozidi mnadani ni cha mwenye nyumba. Siku zote chukua kilicho kidogo kati ya deni na nyumba. Uzuri wa nyumba kubwa uko kwingine: mtu mwenye nyumba ya 35 hakubali ipotee kwa 9. Mpelekeeni notisi rasmi, siyo meseji za matusi ambazo nimeziona zimechapwa kwenye faili lenu (aibu, mwanangu), kisha mkae naye. Hata mkimsamehe tozo, milioni 7 na nusu ya leo ipo. Mnunuzi anataka kuwapa 2.7.

La tatu ni la Vwawa. Deni milioni 14, nyumba ya 40 yenye hati, mkopaji ni mkulima wa kahawa. Nimesoma historia yake ya malipo mara mbili. Mwezi wa tisa alilipa milioni 3, wa kumi akalipa milioni 2, halafu kimya hadi msimu mwingine, na msimu huo akaleta tena. Huyu mmemwita mkorofi? Mmempangia marejesho ya kila mwezi mtu ambaye fedha humwingia mara moja kwa mwaka! Mwezi wa pili kahawa bado iko mtini, mlitaka alipe kwa majani? Kaeni naye, mpangieni misimu miwili ya milioni saba saba, kila mwaka baada ya kuuza. Kwa asilimia 20, hiyo ni milioni 10 na laki saba ya leo bila mnada wala wakili. Mnunuzi ameisoma historia hiyo kama mimi, niaminini. Ndiyo maana anataka "yote kwa pamoja".

Faili la nne, la Mbalizi, ndilo linaloniuma. Milioni 26 vitabuni. Kwenye nyumba wanaishi mume, mke na watoto wanne, na fomu ya ridhaa ya mke iko tupu. Kifungu cha 114 cha Sheria ile ile ya Ardhi kinasema rehani ya nyumba ya ndoa haina nguvu bila ridhaa ya mwenza anayeishi humo. Hapo hamna rehani, mna deni la kawaida kwa mtu ambaye lori lake lilishauzwa Tunduma kulipa mtu mwingine. Nimeliweka milioni 2, na hiyo ni kwa sababu mnunuzi anaweza kuwa na subira kuliko ninyi. Msimfiche hili. Mwandikieni kabisa kwenye mkataba kwamba ridhaa haipo, la sivyo atarudi na wakili kudai fedha yake.

Jumlisha sasa: 23, na 7.5, na 10.7, na 2. Ni milioni 43 na ushee. Yeye ametoa 33. Ushauri wangu: muuzieni Ilomba na Mbalizi kwa 25, bakini na Uyole na Vwawa. Akisema anataka yote au hataki kabisa, basi yote ni 42, na hapo mtajua alikuwa anafuata nini.

Kabla hamjasaini, niwasimulie kosa langu, maana bei yote hii imesimama juu ya karatasi. Mwaka 2006 nilitumwa Tukuyu kuhakiki nyumba ya mkopaji aliyeacha kulipa. Mvua ya Tukuyu mnaijua, haiulizi kama umekuja na mwavuli. Nilisimama barabarani, nikapiga picha nyumba ya tofali za kuchoma, bati jipya, nikaandika "ipo, iko vizuri, inakaliwa". Hati ilisema kiwanja namba fulani, nami sikushuka kutafuta bikoni, yaani jiwe la mpaka wa kiwanja. Deni likapangiwa bei kwa ripoti yangu. Siku mnunuzi alipokuja na mpima, bikoni ilipatikana chini ya shina la mgomba, mita kama 12 kutoka pale nilipodhani. Nyumba ilikuwa imejengwa juu ya kiwanja cha jirani, kaka yake mkopaji. Kiwanja chetu cha kwenye hati kilikuwa na ndizi, na choo cha shimo. Bei ilianguka kutoka milioni 14 hadi 3, na mimi nikahamishiwa kaunta kwa mwaka mzima. Tangu hapo natembea na viatu vya mpira kwenye gari.

Kwa hiyo nendeni Ilomba. Tafuteni bikoni. Angalieni nani analala pale: mwenyewe, mpangaji au mtu aliyeuziwa kienyeji kwa karatasi ya mwenyekiti wa mtaa. Mita ya umeme inasema mengi. Siku hizi kodi ya majengo nayo inakatwa humo humo kwenye LUKU, mita isiyowekewa umeme miezi mingi inakuonyesha nyumba iliyotelekezwa. Fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati muone kama hakuna zuio la mtu mwingine. Mkikubaliana, uhamisho wa rehani uandikwe na usajiliwe, na mkopaji apewe taarifa ya maandishi ajue sasa anamlipa nani. Nimewahi kuona mtu analipa mwaka mzima kwenye akaunti ya aliyekwisha kuuza.

Sasa lile la kukugombeza. Ulinitumia mafaili yenye majina, namba za simu na picha za watu. Kama umemtumia na mnunuzi hivyo hivyo, kabla hata ya mkataba, umekosea: tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mtu anayetafuta bei mpe namba ya faili, mtaa, kiasi, historia ya malipo na picha ya nyumba kwa nje. Majina yanasubiri mkataba. Nakala zako nimeshazichoma, zilisaidia jiko kushika.

*Mama, shikamoo. Niko Makambako. Mume wangu alikopa milioni 12 miaka mitatu iliyopita, akaweka nyumba tunayoishi. Mimi sikusaini popote, nilijua baadaye. Juzi amekuja mwanaume na makaratasi, anasema amelinunua deni letu na tumpishe ndani ya siku 14. Je, aliyenunua deni ana nguvu zaidi kuliko aliyekopesha?*
Mama wa watoto watatu, Makambako

Marahaba. Hana nguvu hata tone kuliko yule wa kwanza. Aliyenunua deni amenunua kilichokuwepo, pamoja na matundu yake yote. Mkopeshaji kama hakuwa na ridhaa yako, huyu hajainunua ridhaa yako kwa mtu yeyote.

Mwambie akupe nakala tatu: mkataba wa mkopo, hati ya rehani, na karatasi ya yeye kuhamishiwa deni. Kwenye hati ya rehani tafuta mahali pa mwenza. Ukikuta jina lako na saini usiyoijua, hiyo ni jinai, nenda polisi na nakala. Ukikuta mumeo aliandika hajaoa, mkopeshaji anaweza kujitetea kwa tamko hilo, ila alikuwa na wajibu wa kuchukua hatua za kujiridhisha, na nyumba yenye nguo za watoto kwenye kamba haihitaji mpelelezi. Kuhusu siku 14: hizo ni za tangazo la mnada, na haziji kabla ya ile notisi ya siku 60. Yeye amerukia mwisho wa hadithi. Usihame. Peleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na utafute msaidizi wa kisheria. Wapo wanaosaidia bila malipo.

Ila dada yangu, deni bado lipo hata rehani ikianguka, na mumeo ndiye mdaiwa. Ndipo barua ya Mwanjelwa hapo juu inapokufaa. Huyo mwanaume hakununua milioni 12 kwa milioni 12. Kama aliona fomu ya ridhaa iko tupu, huenda alitoa milioni moja au mbili. Kama hakuiona, sasa anaiona, na moyo wake unadunda kuliko wako. Mume wako akienda kwake na milioni 3 taslimu na karatasi ya kufunga deni, wakiwa na wakili mezani, usishangae akikubali. Msimwambie mapema mna kiasi gani. Na asilipwe shilingi kabla hajaonyesha karatasi ya uhamisho.

*Kamwene mama! Niko Kihesa, Iringa. Kaka yangu yuko Texas. Yeye na wenzake wananunua noti za rehani, yaani karatasi za madeni ya nyumba ambazo wenyewe wameacha kulipa. Ananiomba nichangie dola 4,000 kwenye noti moja ya nyumba iliyoko Ohio. Salio dola 70,000, nyumba inakadiriwa dola 60,000, noti inauzwa dola 21,000. Hesabu inaonekana tamu. Niingie?*
Kijana wa Kihesa

Kamwene. Kule Marekani biashara hii ni ya kawaida. Benki zinauza, hata serikali yao imewahi kuuza mikopo chechefu ya nyumba iliyokuwa na bima yake. Hesabu ni ile ile niliyomfanyia mtu wa Mwanjelwa: kilicho kidogo kati ya deni na nyumba, toa gharama, subiri, punguza. Tofauti ni kwamba urefu wa kusubiri unategemea jimbo.

Kaka yako anaishi Texas, ambako mara nyingi nyumba inauzwa bila kesi, mnada wa Jumanne ya kwanza ya mwezi. Usikubali akupigie hesabu ya Texas kwa nyumba ya Ohio. Ohio lazima mwende mahakamani, mshinde, kisha sherifu ndiye anauza, na kwenye mnada wa kwanza nyumba haiuzwi chini ya theluthi mbili za thamani iliyokadiriwa. Kabla ya yote hayo, sheria ya shirikisho kwa kawaida hairuhusu kuanza kukamata nyumba ambayo mtu anaishi hadi malipo yachelewe zaidi ya siku 120. Na mkopaji akiomba ulinzi wa kufilisika, kila kitu kinasimama siku hiyo hiyo.

Sasa ile bei. Nyumba ya 60,000, noti kwa 21,000. Theluthi mbili ya 60,000 ni 40,000. Toa wakili, kodi ya ardhi na bima, tuseme 9,000, inabaki 31,000. Miaka miwili kwa asilimia 15 inakuwa kama 23,400. Ukiongeza uwezekano wa mambo kwenda mrama, 21,000 inaanza kuonekana bei ya kawaida tu, na utamu uliouona unapungua. Hiyo ni kama ni rehani ya kwanza. Ikiwa ni ya pili, wa kwanza analipwa kwanza mnadani, na kwa nyumba ya 60,000 wewe unaweza kubaki kushika karatasi. Kodi ya ardhi iliyolimbikizwa nayo kwa kawaida inatangulia rehani zote mbili.

Muulize pia kama nyumba ina mtu. Ohio si Iringa. Nyumba tupu wakati wa baridi, maji yanaganda kwenye mabomba, yanapasuka, na theluji ikiyeyuka dari liko sakafuni. Kule Kitulo tunaona barafu asubuhi juu ya majani na tunalalamika; hiyo ni mzaha. Picha aliyokutumia ni ya mwezi gani?

Na aione noti halisi yenye saini, pamoja na mnyororo wa karatasi za kuhamishwa kutoka mkopeshaji wa kwanza hadi anayeuza sasa. Karatasi moja ikikosekana katikati, hakimu wa Ohio atauliza wewe ni nani. Kisha wewe mwenyewe muulize kaka yako: jina langu litaandikwa wapi? Kama dola 4,000 zinaingia kwenye mfuko wa "wenzake" bila mkataba wenye jina lako, hujanunua sehemu ya noti, umemkopesha kaka. Hilo si kosa, mradi ujue na mkeo ajue.

Mtumie maswali hayo leo, matano tu: ya kwanza au ya pili, kodi inadaiwa kiasi gani, nani anaishi mle, karatasi zote zipo, jina langu liko wapi. Akijibu, niandikie tena na majibu, nitakupigia hesabu upya kwenye toleo la Septemba.